Rejeta Ndogo ya Mutheu

Harufu ndiyo iliyotangulia. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele na kiondo changu mapajani, nasuka, kwa sababu njia ya kupanda Kalama ni ndefu na mikono yangu haijui kukaa bure. Kwanza nikasikia kitu kama maziwa yaliyofurika motoni. Mbele kidogo ikawa kama unyoya wa kuku unapobabuliwa.

"Mutheu," nikasema, "kuna kitu kinaungua."

"Ni breki za lile lori, susu."

Lori lenyewe lilikuwa limeshatupita na kupotelea konani. Nikaendelea kusuka. Mtu anayeendesha gari mlimani haambiwi jambo mara mbili, ataliona mwenyewe. Na kweli, kona hatukuifikia. Injini ilipiga kelele za kupanda lakini gari haikupanda, kama punda anayetikisa kichwa na miguu imekataa. Mutheu akaisogeza kando, akaweka mawe nyuma ya magurudumu ya trela, akafungua boneti, akasimama anatazama moshi.

Juu ya trela ilikuwa mashine yake ya kupura mahindi, ya rangi ya kijani, nzito kama fahali.

Huyu Mutheu anayeniita susu, yaani nyanya, ni binti wa kwanza wa mwanangu Kiema, kwa hivyo jina lake ni langu. Kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Alikuwa anashona suruali katika kiwanda kimoja huko Athi River, akachoka kukaa kwenye chumba kisicho na dirisha, akarudi Mitaboni na wazo lake. Mahindi yakikauka, badala ya wanawake kuyapiga na fimbo ndani ya gunia mpaka mabega yaume, yeye atayafuata shambani na mashine. Baba yake akampa gari yake kubwa ya zamani ya kuivuta, ile ya otomatiki, ambayo gia zinajibadilisha zenyewe. Kwenye tambarare kazi ilikwenda vizuri. Shida ni kwamba hapa kwetu mahindi ni kama mbuzi, yanapenda milima.

Tulikuwa bado tunapepea moshi wakati Laban alipotokea na trekta yake. Laban pia ana mashine ya kupura. Alipunguza mwendo, akainamisha kichwa.

"Mutheu, umeegesha ama umeegeshwa?"

"Pita, Laban."

"Napita. Nawaambia huko juu mnakuja jioni?"

Huko juu tulikuwa tunangojwa na kikundi cha mwethya, wanawake wanaolimiana na kuvuniana kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Mwenyekiti wao ni Munyiva, mama mrefu mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Siku hiyo mahindi yao yalipurwa na Laban. Munyiva aliteremka kutuona, akatuletea chai kwenye chupa, na hakuficha neno.

"Mutheu, mashine yako tuliiona kule tambarare, tunaipenda, haivunji punje. Mahindi ya mashamba ya juu bado hayajakauka. Yakikauka, njoo. Lakini ukikwama tena tunabaki na Laban, moja kwa moja. Mvua haitatungoja tukikungoja wewe."

Tulirudi nyumbani polepole, gari ikipewa kupumua kila mahali palipo na kivuli. Karibu na Mumbuni, Mutheu akasema bila kunitazama, "Susu, ikichemka tena naiuza. Na mashine pia. Msimamizi wa kiwanda amesema kuna nafasi, atapiga simu nimjibu kama narudi."

Lakini nyumba yangu ilikuwa imezoea kufunguliwa asubuhi na mtu anayeimba, na nilijua sitaki kuzoea tena kimya.

Fundi wetu ni Kimanzi, hapo hapo Mumbuni. Aliingia chini ya gari, akafungua nati, mafuta ya giaboksi yakashuka kwenye karai. Akaniita nione, maana anajua napenda kuona.

"Mama, haya yakiwa mazima huwa mekundu, kama juisi ya rozela. Sasa angalia."

Yalikuwa rangi ya majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili, na ile harufu ya unyoya ilikuwa humo.

"Giaboksi imekufa?" Mutheu akauliza. Aliuliza kwa sauti ndogo.

"Haijakufa. Imepata homa. Nitaosha, nitabadilisha mafuta na filta. Lakini mkienda vile mlikuwa mnaenda, mtaniletea maiti." Akafuta mikono. "Hii gari, mafuta ya giaboksi yanapozwa ndani ya rejeta ya injini. Kwa mtu wa kwenda kanisani na kurudi, inatosha. Kwa kuvuta chuma mpaka juu ya Kalama, haitoshi. Nendeni mkanunue rejeta ndogo ya giaboksi peke yake, tuiweke pale mbele. Na mpime nafasi kwanza. Watu wananunua kwa macho halafu wanarudi hapa kunigombeza mimi."

Hakukuwa na haja ya kutafuta futi. Nilitoa uzi wa katani kwenye kiondo changu, nikaunyoosha nyuma ya ule wavu wa mbele ya gari, nikafunga fundo la upana. Nikaunyoosha tena kwenda chini, fundo la urefu. Kwa unene nilikata kijiti, nikakifunga mwisho wa uzi. Mutheu akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile.

Tulikwenda kwa Hanif mjini. Duka lake la spea lilikuwa la baba yake, na mama yake, Safiya, bado anakaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, anasalimia watu kwa majina ya watoto wao. Mimi na Safiya tunajuana kutoka wakati ambapo sisi sote tulikuwa na viuno.

"Mama Kiema," Hanif akasema alipoona uzi, "umekuja kununua spea ama kufunga mbuzi?"

"Mbuzi hapimwi pua, mwanangu. Tunataka rejeta ndogo ya giaboksi."

Hakukimbilia kwenye rafu. Aliuliza maswali. Gari gani, inavuta nini, inapita wapi, mwendo gani. Mutheu akamjibu. Kisha akaweka vitu kwenye meza, kimoja kimoja, kama mtu anayepanga vyombo vya wageni.

Ya kwanza ilikuwa kubwa na nyeusi, ina feni yake mwenyewe. Macho ya Mutheu yakatua hapo yakakaa.

"Hii," akasema.

"Ngoja," nikasema mimi, nikanyoosha uzi. Rejeta ilipita fundo la upana ikaendelea na safari.

Hanif akasema, "Hiyo ni ya lori, dada. Utaiweka wapi, juu ya paa? Na hata ingeingia, asubuhi za baridi huko kwenu mafuta yatakuwa mazito kama samli, gia zitachelewa kuingia. Giaboksi haitaki moto, lakini haitaki baridi pia."

Ya pili ilikuwa nyepesi na nzuri kwa macho, bomba moja lililokunjwa huku na huku, na mapezi membamba ya bati katikati. Iliingia kwenye uzi wangu na nafasi ikabaki. Mutheu akaigeuza. Ilikuwa ya bei nafuu, niliona akiipenda kwa sababu hiyo.

"Hii mafuta yanapita ndani ya bomba tu?" nikauliza.

"Yanapita ndani ya bomba."

"Sasa yale ya katikati ya bomba yanapoa saa ngapi?"

Hanif akatabasamu. "Hapo ndipo shida yake ilipo. Ya pembeni yanapoa, ya katikati yanapita na joto lao. Kwa gari isiyovuta mzigo ni sawa. Kwenu mimi siwauzii, mtarudi kunilaani na mama yangu anasikia."

"Nasikia," Safiya akasema kutoka mlangoni.

Ya tatu ilikuwa ya masahani membamba ya bati yaliyopangwa moja juu ya nyingine, na mapezi katikati ya kila sahani na sahani. Hanif akaeleza kwamba mafuta yakiingia humo yanagawanyika, kila sahani inachukua kidogo, na upepo unapita kati yake. Mimi hapo nilikuwa nimeshaelewa. Uji wa mtoto ukiwa moto huupozi kwenye jagi. Unaumwaga kwenye sahani.

"Hii," nikasema.

"Ngoja," Mutheu akasema, analipiza. "Uzi."

Ikisimama ilipita fundo la urefu. Tukatazamana. Nikaigeuza, nikailaza upande, nikapima tena. Ikaingia katikati ya mafundo kama mtoto kitandani, na kijiti kikasema unene ni sawa.

"Ikilala inafanya kazi?"

"Inafanya, bora midomo ya paipu isielekee chini. Sasa saizi." Akageuza boksi, akatuonyesha uzito ulioandikwa, gari na mzigo wake pamoja. "Jumlisheni gari, trela, mashine, watu, na Mama Kiema na kiondo chake. Halafu pandeni saizi moja. Mlimani mnatembea polepole, upepo hauji wenyewe, unavutwa na feni ya injini."

Saizi aliyotushikisha ndiyo hiyo hiyo tuliyopima. Alipoifunga kwenye gazeti akaongeza, "Kitu kimoja. Hii chakula chake ni upepo. Mwambieni fundi asiifunge kwa kupenyeza kamba za plastiki kwenye mapezi, aitengenezee vyuma vya kuishika. Na mbele yake kusiwe na kitu."

"Kitu kama nini?" Mutheu akauliza.

"Namba ya gari. Zile taa kubwa za kujionyesha. Watu wanapenda kujaza mbele ya gari kama kabati la sebuleni."

Tukasema tumesikia.

Kimanzi aliiweka vizuri. Mafuta yakitoka kwenye giaboksi yanapita kwanza kwenye rejeta kubwa, yakitoka hapo yanaingia kwenye hii ndogo, ndipo yanarudi nyumbani. Akaongeza na mita ya joto karibu na usukani, saa ndogo yenye mshale na kipande chekundu, ili tusingoje tena kuambiwa na pua. Tukafunga trela, tukaipandisha gari milima ya Iveti kuijaribu, na mashine nyuma. Mshale ulipanda kidogo ukatulia chini ya wekundu kama kuku anayelalia mayai. Mutheu aliendesha huku anaimba. Mimi nilisuka mpaka nikakosea mistari kwa furaha, nikafumua.

Mahindi ya juu yakakauka, Munyiva akapiga simu.

Asubuhi hiyo tulipofika mahali mlima unapoanzia, tukakuta kikundi kizima kinatungoja barabarani, kinaimba. Munyiva alikuwa na leso mpya, bado zina mikunjo ya dukani. Mwethya hiyo ina desturi yake. Anayeingia kazini nao kwa mara ya kwanza anavikwa leso kwa wimbo, na leso haivuliwi na aliyevikwa. Inafunguliwa na waliofunga, baada ya kazi, watu wakishakula. Kuna mwalimu mmoja aliyewahi kuivua mapema kwa sababu ya jua, na msimu ule hakuna jembe lililoingia shambani mwake.

Wakamfunga Mutheu kiunoni. Kisha Munyiva akaitazama gari.

"Na huyu je? Si ndiye anayevuta?"

Wakaitandazia leso usoni, kutoka taa hadi taa, nyekundu na nyeusi, ikapendeza sana. Ilikuwa inateleza, Munyiva akauliza nani ana kamba. Nikaingiza mkono kwenye kiondo, nikatoa ule uzi wangu wa mafundo, nikaifunga mimi mwenyewe juu na chini kwa fundo la mama mkwe, lile lisilofunguka mtu akivuta.

Laban alikuwepo, juu ya trekta yake.

"Naona mmeshaivisha sanda," akasema. "Vizuri kujipanga mapema. Mimi nafuata nyuma na nyororo, polepole."

Wanawake wengine walishika njia ya miguu. Munyiva aliingia kiti cha nyuma na sufuria kubwa ya isyo, mahindi na maharagwe, aliyokuwa ameipakata kama mtoto mchanga. Tukaanza kupanda.

Mshale ukaanza kupanda nao. Ulipofika mahali ulipotulia siku ya Iveti haukutulia. Nilimwona Mutheu akiuangalia, anaangalia barabara, anauangalia tena. Aliacha kuimba. Mshale ukagusa wekundu, na pale pale nikaisikia ile harufu ya maziwa.

"Hanif ametuuzia masahani ya kabatini," akasema.

Tulikuwa tumefika ile kona iliyotushinda siku ile. Hapo pana tambarare ndogo. Akasimama, akatoa gia, akaacha injini inanguruma kama alivyofundishwa na Kimanzi, kisha akaweka paji la uso kwenye usukani.

"Basi, susu. Nimejaribu."

Nyuma yetu Laban akapiga honi, fupi, ya adabu, ambayo ni mbaya kuliko ndefu.

Magoti yangu hayashuki garini haraka, yanajadiliana kwanza. Lakini nilishuka, nikazunguka mbele nione ni nini kilichotoboka. Hakikutoboka kitu. Leso ilikuwa imevutwa ndani na feni, imejibana kwenye ule wavu mpaka vyuma vinaonekana kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi. Nikainua pembe yake kidogo. Ikanirudia kwa nguvu, ikajibana tena. Kule ndani, rejeta yetu ndogo ilikuwa imelala vile tulivyoilaza, masahani yake mazuri yote, na juu yake tumeifunika kifuniko. Nani alishawahi kupoza uji kwenye sahani akaifunika?

Hanif alitaja namba na taa. Leso hakuitaja.

Sasa nikawa na shida nyingine. Kuivua siwezi, maana uzi ni wangu lakini leso ni ya kikundi, na Mutheu pia hawezi. Mwenye leso amekaa nyuma na sufuria yake, na kwenye njia ya miguu wenzake wanakuja, wataona. Nikasimama hapo kidogo. Mambo mengine hayataki mbio. Kisha nikaenda kwenye dirisha la nyuma.

"Munyiva, mgeni mkimvika leso mnamfunga wapi?"

"Kiunoni. Mabegani, kama ni mzee."

"Na usoni?"

"Usoni anafunikwa maiti, Mama Kiema, kwani leo umeamkaje?"

"Nimeamka vizuri. Hebu shuka uone tulichomfanya huyu."

Akashuka. Nikamwonyesha leso ilivyojibana, nikamshika mkono nikamwekea kiganja mahali upepo unapotakiwa kupita, akasikia hakuna kitu. Nilimtazama Mutheu kupitia kioo. Alikuwa ameinua kichwa.

Kisha Munyiva akaanza kucheka. Alianza chini kwa chini, kicheko kikapanda mpaka akashika boneti, akautoa mkono kwa moto, akacheka zaidi.

"Tumemziba mnyama wa watu pua," akasema. "Halafu tunamwambia panda."

Akashika fundo. Halikufunguka. Akavuta, likakaza.

"Nani alifunga hivi?"

"Mimi."

"Ulikuwa unafunga gari ama mwizi?"

Mwishowe alitumia meno. Leso ilipotoka, feni ilivuta pumzi ndefu, tukaisikia sote. Munyiva hakuikunja. Alizunguka mpaka kwenye trela, akaifunga mashine kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, na mimi nikakatazwa kugusa uzi.

Laban alikuwa amesogea karibu. "Mnavua sanda?"

"Tunafunga mtoto mgongoni," Munyiva akamwambia. "Rudi nyuma, utatupumulia."

Tulingoja kidogo. Mutheu hakutoa macho kwenye mita. "Susu," akasema, "unashuka." Uliteremka polepole, ukatoka kwenye wekundu, ukaendelea. Akaingiza gia. Tulipita kona, tukapita lile jiwe kubwa, tukapita mahali ambapo barabara inakuwa mbaya, na mshale ukapanda kidogo, ukapata kiota chake, ukakaa. Wimbo wa Mutheu ulirudi bila yeye kujua, na Munyiva akauingilia kutoka nyuma kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto.

Kazi ilikuwa nzuri. Mashine ilitema punje upande huu na magunzi upande ule, makapi yakapanda juu kama kumbikumbi wa mvua, na leso ikawa nyeupe kwa vumbi. Laban alikuwa amekaa juu ya trekta yake, nyororo miguuni, anakula isyo ya Munyiva na kijiko kikubwa. Hakuna aliyemnyima. Baada ya sahani ya kwanza alishuka akaenda mbele ya gari, akachungulia ndani ya ule wavu kwa muda mrefu.

"Ilikuwa inalala hivi kutoka dukani?" akaniuliza.

"Ilipimwa," nikamwambia.

Mutheu alikuwa amejaa makapi mpaka kwenye kope, mikono yote miwili kwenye mashine, simu yake iliponguruma ndani ya kiondo changu nilimokuwa nimeihifadhi. Nikaiinua juu, aione.

"Ni wale wa Athi River," akapaza sauti. "Susu, ongea nao. Si wewe pia ni Mutheu?"

"Niwaambie nini?"

Alinitazama, akamtazama Munyiva aliyekuwa anawaonyesha wanawake wa kikundi kingine, waliokuja na mahindi yao, mahali pa kushusha magunia, akatikisa kichwa, hapana, makapi yakamwagika.

Nikaenda pembeni ya kelele, nikabonyeza pale pa kijani.

"Hallo, naongea na Mutheu?" sauti ya mwanamume ikauliza.

"Ndiye."

"Sauti yako imekuwa nzito. Uko na homa?"

"Ni vumbi la mahindi," nikamwambia. "Ile nafasi mpe mwingine, baba, na Mungu akubariki. Mimi niko na kazi Kalama."